Foleni Haikuletwa na Baiskeli

Novemba 2024 bunge la jimbo la Ontario nchini Kanada lilipitisha sheria ambayo jina lake peke yake lingemfurahisha dereva yeyote: sheria ya kupunguza foleni na kuwaokolea watu muda. Ndani yake mlikuwa na mengi kuhusu barabara kuu, lakini sehemu iliyozua mvutano ilihusu mitaa mitatu ya jiji la Toronto: Bloor, Yonge na University. Katika mitaa hiyo jiji lilikuwa limetenga njia za baiskeli na kuzikinga kwa nguzo na kingo za zege. Serikali ya jimbo, chini ya Waziri Mkuu wake Doug Ford, ikaamua zing'olewe ili magari yarudishiwe nafasi. Tena tangu hapo, mji wowote wa Ontario uliotaka kuchukua njia ya magari na kuifanya ya baiskeli ulitakiwa kwanza kuomba ruhusa ya jimbo.

Hoja ya serikali haihitaji maelezo marefu. Dereva amekwama kwenye foleni, muda wa kufika kazini unapita. Pembeni yake kuna ukanda wa lami hauna mtu. Inapita baiskeli moja, kisha ukanda unabaki mtupu tena. Anajisemea kwamba lau ukanda ule ungekuwa wa magari, angekuwa ameshafika. Ni hoja ya macho, na ndiyo maana ina nguvu kuliko takwimu zozote. Imetumika New York, imetumika London, na huku kwetu Afrika Mashariki inatumika kila siku bila hata kutungiwa sheria. Msimamo wangu ni kwamba hoja hii haina ukweli, na inapogeuzwa kuwa sera inagharimu maisha ya watu. Nitakaa Toronto kwa muda, kwa sababu huko imepimwa na wahandisi, wachumi na mwishowe jaji, kisha nitarudi nyumbani.

Tuanze na mtaa wenyewe. Kabla ya mwaka 2016, sehemu ya Bloor inayopita jirani na Chuo Kikuu cha Toronto ilihesabiwa kuwa na njia nne za magari, mbili za kwenda na mbili za kurudi. Hiyo ni hesabu ya kwenye ramani. Barabarani mambo yalikuwa tofauti. Nje ya saa za kwenda na kutoka kazini, njia ya kando ilikuwa maegesho. Hata katika saa zilizokatazwa, gari moja la mizigo likisimama na kuwasha taa za tahadhari, njia hiyo imekufa mpaka liondoke. Njia ya ndani nayo ilikuwa na tatizo lake: huko wanaendesha kulia, kwa hiyo anayetaka kukata kushoto husimama akisubiri magari ya mbele yampishe, na wote walio nyuma wanamsubiri yeye. Magari yalikuwa yakiyumba kutoka njia moja kwenda nyingine kukwepa vizuizi, na kilichopita kwa kweli kilikaribia njia moja kila upande. Jiji lilipoweka njia za baiskeli liliacha njia moja ya magari kwenda na moja kurudi, likatenga nafasi ya kukatia kona kwenye baadhi ya makutano na likabakiza maegesho upande mmoja. Madereva walichelewa dakika chache. Taa zilipopangwa upya, kuchelewa huko kukapungua. Idadi ya baiskeli ikapanda, matukio ya watu kuponea chupuchupu yakashuka, na mwaka 2017 baraza la jiji likaamua njia hizo ziwe za kudumu.

Jambo hili wahandisi wa barabara wanalijua vizuri: uwezo wa barabara ya mjini unaamuliwa na makutano yake, wala si upana wake katikati ya makutano mawili. Ukiongeza njia moja kwa urefu wa mita mia tatu halafu magari yote yakaenda kusubiri taa ileile nyekundu, ulichoongeza ni mahali pa kusubiria.

Na ule utupu wa njia ya baiskeli unadanganya. Baiskeli hazikai foleni; zinapita na kutoweka. Njia inayofanya kazi vizuri huonekana tupu, na ile iliyoshindwa kazi ndiyo huonekana imejaa. Chama cha maofisa wa usafirishaji wa miji ya Amerika Kaskazini, NACTO, kinakadiria kwamba ukanda wa upana wa kama mita tatu ukiachiwa magari binafsi hupitisha kati ya watu 600 na 1,600 kwa saa. Ukanda huohuo ukiwa njia ya baiskeli iliyokingwa, ya kwenda na kurudi, unaweza kupitisha hadi watu 7,500. Bila shaka si kila njia ya baiskeli imefikia idadi hiyo, na Bloor mwezi wa Januari haiifikii hata kidogo. Lakini anayesema nafasi ile imepotezwa anahesabu mabati, hajahesabu watu.

Kama baiskeli ndizo zinazoleta foleni Ontario, basi barabara isiyo na baiskeli ingekuwa imepona. Ipo barabara ya namna hiyo. Barabara kuu ya 401 inayokatiza kaskazini mwa Toronto ina njia hadi 18 katika baadhi ya sehemu, inapitisha magari zaidi ya 400,000 kwa siku kwenye vipande vyake vyenye shughuli nyingi, na baiskeli haziruhusiwi kuikanyaga. Inajaa asubuhi, inajaa jioni. Mwaka uleule wa 2024 Waziri Mkuu wa jimbo alitangaza wazo la kuchimba handaki chini yake ili kuongeza njia nyingine. Sijui ushahidi gani zaidi unahitajika.

Ushahidi wa kitaalamu nao ulitoka Toronto kwenyewe. Mwaka 2011 wachumi wawili waliokuwa wakifundisha Chuo Kikuu cha Toronto, Gilles Duranton na Matthew Turner, walichapisha utafiti kuhusu barabara kuu za miji ya Marekani. Waligundua kwamba urefu wa njia za barabara ukiongezeka kwa asilimia kumi, kilomita zinazoendeshwa na magari nazo huongezeka kwa karibu asilimia hiyohiyo. Nafasi mpya inaita magari mapya. Aliyekuwa akipanda treni anaanza kuendesha, aliyekuwa akitoka saa kumi na moja alfajiri sasa anatoka saa moja, mwenye duka anahamia mbali kidogo kwa sababu barabara ni nzuri. Wakazi wa Nairobi wamelishuhudia hili kwa macho. Barabara ya Thika ilipozinduliwa mwaka 2012 ikiwa na njia nane na zaidi, ilikuwa fahari ya nchi. Leo muulize anayekwenda mjini kutoka Githurai saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Lazima niseme wazi kwamba utafiti huohuo unatunyima hata sisi watetezi wa baiskeli ahadi moja tamu. Duranton na Turner walikuta kwamba kuongeza usafiri wa umma peke yake pia hakupunguzi kilomita za magari barabarani, kwa sababu nafasi anayoiacha mtu mmoja inazibwa na mwingine. Kwa mantiki hiyo, anayewaambia madereva kwamba njia ya baiskeli itawaondolea foleni anawaahidi jambo asiloweza kulitimiza. Njia ya baiskeli haikuleta foleni na haitaimaliza. Kazi yake ni mbili: inampa mtu namna ya kufika bila kuingia kwenye foleni, na inamlinda asiuawe njiani. Kuiondoa ni kumnyang'anya vyote viwili, na dereva hapati alichoahidiwa.

Basi foleni ya Toronto inatoka wapi? Jiji limejaa watu na linaendelea kujaa. Njia ya treni ya Eglinton ilianza kujengwa mwaka 2011 na ujenzi wake ukadumu zaidi ya muongo mmoja. Kipande cha mtaa wa Queen katikati ya jiji kilifungwa mwaka 2023 kupisha ujenzi wa reli nyingine. Barabara ya juu ya Gardiner, mshipa mkuu wa kuingilia mjini kutoka magharibi, ilianza ukarabati mkubwa mwaka 2024 na njia zake zikapunguzwa. Hayo yote yana sababu za msingi. Reli lazima zijengwe na madaraja lazima yatengenezwe. Lakini hakuna mwanasiasa anayepata kura kwa kueleza ratiba ya ukarabati wa daraja. Baiskeli ipo, inaonekana, na anayeiendesha hana sauti kubwa. Inabebeshwa lawama.

Nafasi ya njia ya baiskeli ikirudi kwa magari, mwendesha baiskeli haachi kuwepo. Anabaki barabarani, ila sasa hana mahali pake. Upande mmoja ana safu ya magari yaliyoegeshwa, na mlango wowote unaweza kufunguliwa ghafla mbele ya gurudumu lake. Akisogea mbali na milango, anaingia kwenye mkondo wa magari yanayokwenda, na dereva wa nyuma anapiga honi akimtaka arudi kwenye milango. Akifika kwenye makutano, lori linalokata kona kuelekea upande wake halimwoni, kwa sababu yuko chini ya usawa wa kioo. Kila mita ni uamuzi, na kila uamuzi unategemea kwamba mtu mwingine, aliye ndani ya tani mbili za chuma, yuko makini. Julai 2024 mwendesha baiskeli mmoja alifariki hapohapo Bloor. Njia ya baiskeli ilikuwa imezibwa na kontena la taka za ujenzi. Akatoka kuingia njia ya magari, akagongwa na lori. Zilikuwa ni hatua chache tu za barabara pasipo kinga.

Ndiyo sababu suala hili lilifika mahakamani. Chama cha waendesha baiskeli cha Cycle Toronto, pamoja na mwanafunzi wa chuo kikuu na kijana anayefanya kazi ya kupeleka vitu kwa baiskeli, walifungua kesi wakisaidiwa na wanasheria wa shirika la Ecojustice. Aprili 2025 Jaji Paul Schabas alizuia kwa muda kung'olewa kwa njia hizo, na tarehe 30 Julai 2025 akatoa hukumu: kuziondoa kunakiuka kifungu cha saba cha Mkataba wa Haki na Uhuru wa Kanada, kinacholinda uhai, uhuru na usalama wa mtu. Jaji hakusema kwamba kila Mkanada ana haki ya kujengewa njia ya baiskeli. Alichosema kina mpaka ulio wazi zaidi: serikali ikichukua hatua ya makusudi inayoongeza hatari ya watu kuumia na kufa, ni lazima iwe na sababu inayosimama. Sababu iliyotolewa ilikuwa foleni, na ushahidi ulioletwa mbele yake haukuonyesha kwamba foleni ingepungua. Hata washauri wa serikali yenyewe walikuwa wametahadharisha kwamba manufaa kwa magari yangekuwa madogo na ajali zingeweza kuongezeka, za waendesha baiskeli na za watumiaji wengine wa barabara pia. Kwa hiyo jaji akaiona hatua hiyo kuwa haina mantiki, na madhara yake kuwa hayalingani kabisa na kilichotafutwa.

Serikali ikatangaza kukata rufaa. Mwishoni mwa 2025 ikapitisha sheria nyingine inayozuia miji kupunguza njia za magari kwa ajili ya njia mpya za baiskeli. Kwa maoni yangu, nafasi ya barabara ni jambo la kuamuliwa na wakazi wa jiji na madiwani wao, na si vizuri lifike mpaka kwa jaji. Lakini waliolitoa mikononi mwa jiji ni wabunge wa jimbo, na mahakama ilifanya kitu ambacho bunge halikufanya: ilidai kuona ushahidi.

Gharama nayo isipitwe. Watumishi wa jiji walikadiria kwamba kung'oa njia za mitaa hiyo mitatu kungegharimu dola milioni 48 za Kanada. Kuzijenga kulikuwa kumegharimu milioni 27.

Toronto ilikuwa imeshapita njia hii. Mwaka 2010 mtaa wa Jarvis uliwekewa njia za baiskeli, na idadi ya waendeshaji ikaongezeka karibu mara tatu huku safari za magari zikirefuka kwa kama dakika mbili katika saa za msongamano. Kwa dakika hizo mbili, baraza la jiji wakati wa umeya wa Rob Ford, ndugu yake Doug, likapiga kura ziondolewe. Novemba 2012 magari ya kufuta mistari yalipokuja, baadhi ya wakazi walilala barabarani kuyazuia. Mistari ikafutwa hata hivyo. Jarvis ikarudi kuwa barabara ya njia tano, na haijawahi kutajwa na mtu yeyote kuwa mfano wa mtaa ulioponywa foleni.

New York ilifanya hivyo mapema zaidi. Vuli ya mwaka 1980 Meya Ed Koch alijenga njia zilizokingwa kwa zege katika mitaa mikuu ya Manhattan, na kabla mwaka haujaisha akazibomoa kwa shinikizo la wanasiasa na wenye teksi. Ilichukua zaidi ya robo karne jiji kurudi lilipokuwa. Uholanzi, ambayo leo watu wanadhani ilizaliwa na baiskeli, katika miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa ikifuta njia za baiskeli kupisha magari. Mwaka 1971 watu wapatao 3,300 walikufa katika barabara za nchi hiyo ndogo, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto. Wazazi wakaingia mitaani na kulitaja kwa jina lake: mauaji ya watoto. Njia za leo za Amsterdam na Utrecht zilidaiwa na watu waliokuwa wamezika.

Sasa niwasikilize wapinzani, kwa sababu si wote wanasema hovyo. Wa kwanza ni mwenye duka, anayeogopa kwamba maegesho yakipungua wateja wataondoka. Hofu yake ni ya kweli. Kodi ya pango haisubiri matokeo ya utafiti. Lakini wenye maduka mara nyingi hawajui wateja wao wanafikaje. Utafiti wa mwaka 2009 uliofanywa kwenye Bloor na Clean Air Partnership ulikuta kwamba ni kama mteja mmoja kati ya kumi aliyekuja kwa gari. Wengi walikuja kwa miguu, kwa treni ya chini ya ardhi na kwa baiskeli, na wenye maduka wenyewe walikuwa wamewakadiria wenye magari kuwa wengi zaidi. Anayepita kwa mwendo wa baiskeli huona dirisha la duka na anaweza kusimama. Jambo ambalo mwenye duka ana haki ya kulidai ni mahali pa gari la mizigo kushushia bidhaa, na hilo linapangika bila kung'oa chochote.

Wa pili ni mwenye hofu kuhusu magari ya wagonjwa na zimamoto. Ni hofu nzito kuliko zote, na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Takwimu za zimamoto za Toronto hazikuonyesha kwamba njia za Bloor ziliwachelewesha. Mtaa wa University, mmoja wa ile mitatu, una hospitali kubwa zilizopangana pande zote, na madaktari wa huko walikuwa mstari wa mbele kupinga kung'olewa kwa njia hizo. Wao ndio wanaowapokea waliogongwa.

Wa tatu anasema: baridi. Nani anaendesha baiskeli kwenye theluji? Jibu liko Oulu, kaskazini mwa Ufini, ambako watu huendesha mwaka mzima kwa sababu njia zao husafishwa mapema kila theluji inapoanguka. Na Toronto yenyewe, anayekuletea chakula mlangoni usiku wa Februari amekuja kwa baiskeli. Mara nyingi ni mhamiaji au mwanafunzi wa kigeni, na hana uchaguzi wa kusubiri masika.

Wa nne ni yule mwenye busara ya juujuu: wapelekeni kwenye mitaa ya nyuma. Ukiifungua ramani ya Toronto utaona tatizo. Bonde la mto Don linaukata mji upande wa mashariki, mto Humber upande wa magharibi, reli zinaukatakata katikati. Mitaa midogo inaishia kwenye kingo hizo. Zinazovuka ni barabara kuu chache, Bloor ikiwa mojawapo. Tena mtu wa baiskeli anakwenda kulekule wanakokwenda wengine: benki, sokoni, kliniki, kazini. Vitu hivyo havipo mitaa ya nyuma.

Nakubali kwamba zipo njia zilizobuniwa vibaya. Zipo zinazomwacha mtu katikati ya makutano bila kumwambia aelekee wapi, na zipo zilizoziba kituo cha basi au mahali pa mtu mwenye kiti cha magurudumu kushukia. Hizo zirekebishwe. Ila sijawahi kuona barabara ya magari iliyobuniwa vibaya ikapewa adhabu ya kufutwa.

Kuhusu kinachopunguza foleni kweli, majibu yanajulikana na hayapendwi. London ilianza kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji mwaka 2003, Stockholm ikafanya majaribio mwaka 2006 na kuyapitisha kwa kura ya maoni, New York ikafuata Januari 2025. Toronto yenyewe mwaka 2017 iliamua kwamba kwenye mtaa wa King magari yapishe tramu, na tramu zikaanza kufika kwa wakati na kubeba watu zaidi. Yote haya yanamtaka mwanasiasa amwambie dereva ukweli usoni.

Huku kwetu hakuna sheria ya kung'oa njia za baiskeli kwa sababu haihitajiki. Zinaliwa polepole. Awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, iliyoanza kazi Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, ilijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli, na mwaka 2018 jiji likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, la kwanza kuipata barani Afrika. Pita leo Barabara ya Morogoro uitazame njia hiyo. Bodaboda wanaitumia kukwepa foleni, wengine dhidi ya mwelekeo. Gari limepandishwa juu ya ukingo, dereva ameingia dukani mara moja. Mbele yake kuna meza ya simu na chaja, kisha rundo la kokoto la mtu anayejenga. Muuza madafu aliyefunga matenga yake nyuma ya baiskeli anashuka kwenye lami, katikati ya daladala na malori, kwa sababu mahali alipojengewa pamechukuliwa. Hakuna aliyepiga kura kumwondoa. Ameondolewa tu.

Simlaumu mwenye meza ya chaja. Anatafuta riziki palepale penye watu, na mji ulipaswa kumpangia mahali. Nawalaumu wanaoiacha njia bila ukingo wa kuzuia gari, bila askari wa kumwandikia faini aliyeegesha juu yake, kisha baada ya miaka mitano wanasema haina watumiaji. Chama cha UWABA, Umma wa Wapanda Baiskeli, kimekuwa kikidai mambo haya Dar es Salaam kwa miaka mingi, na madai yake ni ya kawaida kabisa: mtu anayekwenda kazini kwa baiskeli afike akiwa hai.

Tofauti kubwa kati yetu na Toronto ni nani aliye juu ya baiskeli. Kule serikali iliweza kumchora mwendesha baiskeli kama mtu wa katikati ya jiji anayewasumbua wa pembezoni. Hapa ni fundi, ni mlinzi anayerudi kutoka zamu ya usiku, ni msambaza mikate, ni mbeba mkaa anayeingia mjini alfajiri. Na asiye na hata baiskeli hutembea: Nairobi zaidi ya asilimia 40 ya safari za kila siku hufanywa kwa miguu. Hao ni wengi katika miji yetu, na kila mradi unaotangazwa kuwa wa kupunguza msongamano huanza kwa kuwapunguzia wao nafasi. Barabara ya juu ya Nairobi, ile ya kulipia yenye kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022. Mwenye gari anapita juu akilipa. Chini yake, wakati wa ujenzi, waliokuwa wakitembea walitafuta njia kati ya mitaro na vifusi.

Mwaka huohuo, mwezi Machi, serikali ya Burundi ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya jiji la Bujumbura, ikieleza kwamba lengo ni kupunguza ajali. Ni nchi ambayo baiskeli ndiyo lori la mkulima; ndizi za milimani hushuka mjini zikiwa juu yake. Marufuku ilipoanza, mabasi hayakutosha, na uhaba wa mafuta ukaongeza dhiki. Watu walipanga foleni vituoni kwa saa nyingi na wengine wakatembea kilomita nyingi kurudi nyumbani. Foleni ilihama kutoka kwenye magari ikaenda kwenye miguu ya watu, na foleni ya watu haimo katika takwimu za msongamano. Hapo nauona uzito wa swali zima: tunachokiita foleni kimetafsiriwa kuwa ni kuchelewa kwa gari, na kuchelewa kwa mtu mwingine yeyote hakuna jina wala kipimo.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba vifo vya barabarani duniani vilipungua kidogo kati ya 2010 na 2021, lakini katika kanda ya Afrika viliongezeka kwa asilimia 17. Zaidi ya nusu ya wanaokufa duniani ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Barabara zetu zimepanuliwa sana katika kipindi hichohicho.

Nairobi, angalau, wananchi wana hati mkononi. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usio wa magari, na ndani yake ikaahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya waenda kwa miguu na baiskeli. Uchaguzi wa 2027 unakuja, na wagombea watazunguka wakiahidi kumaliza msongamano. Kila mmoja aulizwe hadharani asilimia hiyo imekwenda wapi kila mwaka tangu 2015, kwa shilingi na kwa majina ya barabara. Dar es Salaam madiwani waulizwe hivyohivyo kuhusu njia za Barabara ya Morogoro, na kuhusu zile za awamu zilizofuata za mabasi hayo, za Mbagala na Gongo la Mboto: nani ana jukumu la kuzilinda, ameandika faini ngapi, na ukingo wa kuzuia magari yasipande juu yake utawekwa lini.